Maharagwe ya Mariam Poni

"Hiyo neno haitoki," alisema Mariam Poni, na kwa kuwa aliona maneno peke yake hayamtishi mtu, aliinua kibodi ya kompyuta kutoka mezani, akaipakata mapajani, akaifunika kwa lesu yake kama mtoto anayenyonya. Waya wake ulibaki umening'inia kati ya lesu na mashine.

Kasimiro, fundi wa redio na kompyuta kutoka Ediofe, alisimama mbele yake na bisibisi mkononi, asijue aanzie wapi. Mtu anaweza kumnyang'anya mama wa watu kitabu, hata panga. Kitu kilichofunikwa kwa lesu hakinyang'anywi.

"Mama, rudisha hiyo kitu mezani. Dakika mbili tu nimalize."

"Rudi Ediofe, ukamalizie huko."

"Neno yako iko ya dunia nzima sasa. Hata mbuzi ya soko ya Arua inajua."

"Mbuzi haina vidole."

Norah, msichana aliyekuwa akiandika barua za duka kwenye mashine hiyo, alificha kicheko ndani ya kiganja. Mariam Poni alimtazama, na kicheko kikaisha.

"Ile mutu aliyebeba sabuni yako Koboko alikuwa na vidole," alisema Kasimiro. "Na leo anakuja ingine kama yeye, na wewe unamupikia."

Mariam aliivuta lesu vizuri juu ya kibodi. Ilikuwa kweli kwamba anapika. Nyuma ya duka, juu ya mafiga, chungu kilikuwa kinachemka tangu asubuhi, na harufu yake ilikuwa imeingia mpaka kwenye magunia ya ufuta. Yalikuwa maharagwe. Watu wa mtaa ule walipita wakinusa, wakatazamana, kwa sababu tangu Mariam Poni afungue duka Arua, hakuna aliyewahi kumwona akipika maharagwe. Alipika mihogo, alipika samaki mkavu, alipika majani ambayo hata sungura hawana jina lake. Maharagwe hapana. Wengine walisema ana mwiko. Wengine walisema alikula gunia zima siku moja, akaapa.

Habari iliyowasha moto ule ilikuwa imeingia asubuhi. Duka la Mariam lilikuwa na ndugu yake Koboko, duka la pili, lililosimamiwa na Lokule, shemeji yake. Kila duka lilikuwa na kompyuta moja na redio moja na kisanduku cheusi katikati. Ukiandika barua kwenye kompyuta, kisanduku kinalia kama vyura wa mvua ya kwanza, redio inaichukua barua hewani, na Koboko wanaisoma kabla dereva wa lori hajawasha sigara. Umeme ulitoka kwenye betri ya lori na bamba la jua lililofungwa juu ya bati. Watu walikuja hata kutoka Logiri kuona barua isiyo na bahasha, na wapo waliokaa kutwa wakitazama juu, waone inapopita.

Barua ya asubuhi hiyo ilitoka kwa Lokule. Norah alimsomea Mariam kwa sauti, maana Mariam hakuwahi kukanyaga shule: kuna mtu amefika Koboko kutoka Aba, upande wa Kongo. Anamtafuta Mariam Poni mke wa Yakubu. Hataki kusema anachokuja kusema ila kwa Mariam mwenyewe. Amesema maharagwe. Lokule amempandisha lori la Zubeiri, atafika Arua kabla ya adhuhuri.

Amesema maharagwe. Mariam alimwambia Norah aisome tena sehemu hiyo, kisha tena, mpaka Norah akaomba maji.

Vita vilipofika Koboko, mwaka ule wa themanini, Mariam alikuwa ameinjika chungu cha maharagwe. Hawakungoja yaive. Yakubu, mumewe, aliyekuwa fundi wa magari ya jeshi lililoangushwa na kwa hiyo hakuwa na sababu ya kungoja salamu za mtu yeyote, alimshika mkono wakatoka kupitia nyuma, na moto ukabaki unawaka chini ya chungu. Walitembea na nchi nzima. Barabara ya kuelekea Sudani ilijaa watu, godoro, kuku waliofungwa miguu, cherehani vichwani, na inasemekana mzee mmoja wa Abuku alibeba mlango wa nyumba yake, akisema nyumba waichukue, lakini kwa kupitia dirishani. Njia nzima Yakubu alimtania mkewe: "Uliweka chumvi?" Na Mariam, miguu ikimwuma, alijibu: "Nenda ukaonje."

Kule kambini Sudani, watu walipoanza kutafutana, walizaliwa waongo wa aina mpya. Mtu anakuja jioni, anasema, mama, nimeacha mume wako kilometa chache tu, ni mgonjwa, ananiambia nikuombe blanketi na chumvi nimpelekee. Mwanamke analia, anatoa blanketi, anatoa chumvi, anatoa na kanzu. Mume hakuwahi kuwa mgonjwa, au hakuwahi kuwa kilometa chache, au alikuwa amekufa zamani. Ndipo watu wa Koboko wakaanza kuwekeana neno la njia. Kila wawili walichagua neno lao, la kipuuzi kama wapendavyo, na mjumbe asiyekuwa nalo alirudi mikono mitupu hata akilia damu. Wengine waliweka jina la ng'ombe. Wengine waliweka tusi. Yakubu alipoamua kurudi nyuma kumtafuta mama yake aliyebaki Abuku, aliweka neno bila kufikiri. "Maharagwe," alisema. "Nitume nani, nitume wapi, atasema maharagwe."

Akaenda. Mama yake alionekana baadaye, alikuja kambini mwenyewe kwa miguu yake, akamwuliza Mariam mwanawe yuko wapi.

Tangu hapo Mariam aliishi akisubiri mtu wa kusema jina la chakula. Walisema Yakubu yuko Juba. Walisema yuko Aba, ana gereji, ana mke Mkongo mwenye meno ya dhahabu. Walisema walimwona Faradje akitengeneza gari la padri. Wajumbe walikuja, na Mariam aliwakaribisha, akawapa maji, akawatazama midomo. Walisema yote. Wengine walitaja mbuzi, wengine walitaja Mungu. Hakuna aliyetaja maharagwe. Aliporudi Uganda, alipofungua duka Koboko na baadaye Arua, alifungua lenye mlango unaotazama stendi ya malori, ili mtu akishuka aone jina lake kabla ya kuona kitu kingine.

Kompyuta ilipokuja, Kasimiro aliifunga waya zote, akasema, "Mama, sasa inataka neno la siri. Neno wewe peke yako unajua. Bila hiyo haifunguki."

Neno ambalo yeye peke yake analijua. Mariam hakuhitaji kukaa chini kufikiri.

Hakujua kusoma, lakini vidole vyake vilikuwa vimechambua ufuta maisha yote, na havikuchukua muda kujua kitufe kipi kinakaa wapi. Kidole kilikwenda, kikarudi kushoto kwenye A, kikaenda, kikarudi tena kushoto kama kuku anayerudi kuangalia mayai. Kila asubuhi alifika kabla ya Norah. Alibonyeza taratibu. Kabla ya kitufe cha mwisho alikuwa anasimama kidogo, mkono hewani, kama mtu aliyebisha hodi na kusikia nyayo ndani. Kisha anabonyeza, na mashine inafunguka. Kati ya vitu vyote vya dunia, watu na askari wa mpakani na wajumbe wenye midomo ya asali, ni mashine hiyo tu iliyowahi kulisikia neno lile na kufungua mlango.

Hayo Kasimiro hakuyajua. Alichojua yeye ni habari ya usalama wa mashine, na kwa upande huo moyo wake ulikuwa unatoka damu.

"Tuanze hapa," alisema, akajishusha kwenye gunia, maana kusimama hakukumsaidia. "Nilisema neno iwe ya mutu moja. Wewe ulimupa Norah."

"Nilikuwa na homa. Ningekuja nikitambaa?"

"Norah akamupa Lokule."

"Lokule iko shemeji yangu."

"Shemeji yako anasahau mpaka jina ya watoto. Akaandika neno kwa chaki kwa ukuta. Herufi kubwa hivi. Watu wanaingia kununua chumvi, wanasoma ukuta. Mimi niliona kwa macho yangu, Mama. Chini yake mutu ameandika, na wali."

Norah alishindwa tena kuzuia kicheko. Safari hii alitoka nje kidogo, akarudi na uso umenyooka.

"Na kama hiyo haitoshi," Kasimiro aliendelea, "siku mashine ya Koboko ilikataa, Lokule akachukua redio kol, akauliza kwa sauti, Arua, Arua, neno iko nini, ova. Na wewe ukajibu nini?"

Mariam alitazama pembeni.

"Ulijibu nini, Mama?"

"Hakusikia mara ya kwanza. Ilibidi nirudie."

Alikuwa amerudia kwa sauti ile ambayo watu wa Arua walisema inaweza kumsimamisha ndege angani akaomba msamaha. Kila redio iliyokuwa kwenye mawimbi yale ililisikia neno: lori za Yumbe, misheni, wauza tumbaku, askari wa ng'ambo. Kwa wiki nzima madereva walisalimiana kwa redio, "Maharagwe, ova," na kujibizana, "Chumvi iko, ova."

Ndipo ikaja habari ya sabuni. Mchana mmoja Norah alikwenda kula na kuiacha mashine ya Arua wazi, kiti chake bado cha moto. Mtu aliketi. Ni nani, mpaka leo hajulikani. Aliandikia Koboko: mpe mtu atakayefika leo katoni zote za sabuni na mabati yaliyobaki, na kama una shaka, neno ni maharagwe. Lokule hakuwa na shaka. Barua ilitoka Arua, neno lilikuwa lenyewe, na aliyekuja kuchukua alikuwa na adabu, hata alimsaidia kufagia. Alimpakilia kwa mikono yake mwenyewe.

Mariam hakulilia sabuni. Aliposikia kwamba mwizi alitumia neno maharagwe, alifunga duka katikati ya siku ya soko, akaenda kulala na uso ukutani. Watu walidhani ni uchungu wa mali. Lakini yeye aliona kitu kingine. Mlango aliouacha wazi kwa ajili ya mtu mmoja, sasa kila mtu alikuwa na ufunguo wake. Yakubu akituma mjumbe kesho, mjumbe huyo ataingia kwenye mstari mmoja na wezi wa sabuni, na hakuna atakayewatofautisha.

Baada ya siku ile alijaribu kila dawa. Kasimiro alisema mashine inaweza kupata kirusi kutoka kwa disketi za watu wengine. Mariam alizungushia kompyuta majani ya mwarobaini, na mchwa peke yao ndio walioathirika. Kasimiro alisema nakala za hesabu ziwekwe nyumba nyingine, duka likiungua zipone. Mariam alizifukia ndani ya pipa la unga kwa jirani, na jirani akala unga wenye chuma. Alikubali mashine ifungwe kila Norah akisimama, hata akienda kupiga chafya. Alikubali Lokule apige redio kuuliza kabla ya kutoa hata pakiti moja ya chumvi. Ukuta wa Koboko ulipakwa chokaa. Yote alikubali. Neno tu ndilo alilokataa kubadilisha, mpaka leo, na leo Kasimiro alikuja na bisibisi.

"Sikiliza, Mama," alisema, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo. "Mutu huyu ya Aba. Pengine amekaa siku mbili Koboko, amekunywa chai, amesikia watu wanacheka, wanasema: Huyu mama anangoja bwana yake, na duka yake inafunguka na neno maharagwe. Nimeongea na Anguyo, mkubwa wa stendi. Lori ikifika, vijana wake wanamuuliza palepale. Hana jibu ya maana, wanamurudisha alikotoka."

"Anguyo atamuuliza nini? Anamujua Yakubu?"

"Hata wewe utamuuliza nini? Neno amekwisha sema."

"Hakuna mutu anagusa mgeni wangu kwa stendi."

"Basi tubadilishe neno kwanza. Aje, umukaribishe, lakini mashine iwe imefungwa na neno mpya. Nakuomba hiyo tu."

Mariam alipapasa kibodi chini ya lesu. Vidole vyake vilitafuta kitufe cha kushoto, vikakipata, vikakaa hapo.

"Nikitoa hapa," alisema, "nitasema wapi?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Kasimiro alinusa vizuri kile kilichokuwa kinachemka nyuma ya duka, akageuza kichwa kuelekea kule, kisha akamtazama mwanamke aliyekaa na waya ukitoka chini ya lesu. Akaweka bisibisi juu ya meza.

"Ilikuwa ya Yakubu," alisema. "Tangu mwanzo."

"Wewe uliniambia neno mimi peke yangu najua. Nilikuwa na moja tu."

Nje, mtu alikuwa anagonga bati, anaacha, anagonga.

"Neno moja haiwezi kufunga nyumba mbili," Kasimiro alisema hatimaye, bila ukali. "Mwizi akipata, anaingia zote mbili. Ndiyo ilikupata. Ungeniambia, ningekuwekea ingine kwa mashine, hiyo ukabaki nayo wewe."

"Sasa unajua."

"Sasa najua. Na kama mutu huyu iko ya kweli, Mama? Mjumbe wa kweli analeta habari yoyote. Umefikiri hiyo?"

Alikuwa ameifikiri. Kati ya kupepeta maharagwe na kuwasha moto hakuwa amefikiri jambo jingine. Mwongo atakuja na Yakubu mzima, mnene, mwenye gereji. Ni mkweli tu anayeweza kuja na kaburi. Kwa hiyo moyo wake ulikuwa umefanya mambo ya ajabu tangu asubuhi: ulimtaka mtu yule awe wa kweli, kisha ukamwomba awe mwizi, kisha ukaona aibu.

"Nitajua chungu iliungua ama haikuungua," alisema. "Bora kujua."

"Lakini utajuaje? Turudi palepale. Neno imekufa."

Mariam aliinua kibodi kutoka chini ya lesu, akairudisha mezani polepole, akaisukuma kwa Kasimiro.

"Weka neno ingine. Weka unayotaka. Usiniambie mbele ya Norah."

"Na mgeni?"

"Mgeni mimi nitamujua."

"Kwa kitu gani? Kwa sura?"

Hapo Mariam Poni alitabasamu, tabasamu ambalo Kasimiro hakuwa amewahi kuliona, la msichana aliyeficha kitu nyuma ya mgongo. Kwa sababu Yakubu hakuwa mjinga. Walipovuka mto Kaya, tope lilimnyonya Mariam kiatu cha kushoto, likakataa kukirudisha. Yakubu alivua ndara yake ya tairi, ya kushoto, akamvalisha, na yeye akatembea siku zile zote na ndara ya kulia tu, akiruka miiba kama korongo, watu wakimcheka. Asubuhi ya kuagana, akiwa amekwisha kutaja neno, alisimama akafikiri. Neno linaweza kuibwa, alisema. Watu wana masikio. Mutu wangu akifika mlangoni kwako, atavua ya kushoto tu, ya kulia ataingia nayo. Usimwambie avue. Usimwulize. Tazama tu miguu.

Hilo Mariam hakuwa amempa mtu. Hakumpa Norah alipokuwa na homa, hakumpa mama yake Yakubu, hakulipigia kelele kwenye redio. Wajumbe wote wa miaka ile, walipokuwa wanadhani anawatazama midomo, alikuwa amekwisha kuwatazama miguu.

"Iko ingine," alisema.

"Neno ingine?"

"Hapana neno."

Kasimiro alisogeza gunia karibu. "Yakubu alikufungia milango mbili? Na mimi nasomesha watu kitu hiyo kutwa. Iko nini?"

"Wewe mwenyewe ulisema nisiseme kwa mutu."

"Nilisema hivyo, ndiyo. Lakini mimi fundi wako."

"Lokule iko shemeji yangu. Akaandika kwa ukuta."

"Mama Poni, mimi siwezi kuandika kwa ukuta. Niambie tu, nimuzuie Anguyo. Vijana wake wako kule na fimbo, na mimi niwaambie nini, kwamba mama anajua lakini hasemi? Lori iko njiani. Niambie moja tu: iko kitu anabeba? Anasema? Anafanya?"

Honi ya Zubeiri ililia stendi, ndefu, kwa mtindo wake wa kutangaza kwamba amefika bila tairi kupasuka. Mariam alisimama. Alikunja lesu kiunoni, akaikunjua, akaikunja tena. Aliona kwamba fundi anasema kweli kuhusu fimbo, na kwamba siri aliyoitunza peke yake inaweza kumgharimu mtu yuleyule aliyetunziwa.

"Norah, toka nje kidogo, waambie watu ya Anguyo wamuache," alisema. "Kasimiro, leta sikio. Nikikuambia hii na nikaisikia kwa redio, nitakuzika na disketi zako. Mutu ya Yakubu akifika mlangoni—"

Norah, aliyekuwa amefika kizingitini, alisimama, akarudi nyuma hatua moja kupisha.

Mlangoni alikuwa mtu mwembamba mwenye vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Vijana wawili wa stendi walikuwa nyuma yake, fimbo zimeinama, kama watu waliouliza wakakosa la kufanya. Mgeni alisalimu kwa sauti ndogo ya Kikongo. Alinusa hewa iliyotoka kwenye chungu, na uso wake ukabadilika kidogo.

"Karibu ndani," alisema Norah. "Hapa hatuvui viatu."

Mtu yule hakumjibu. Aliinama, akafungua ukanda wa ndara ya kushoto, akaiweka nje ya kizingiti vizuri, kisigino kikielekea ukuta. Kisha akaingia na ya kulia mguuni.

"Akifika mlangoni, anafanya nini?" aliuliza Kasimiro, sikio bado limeinamishwa.